Jiwe la Bismarck linatoka jeusi na anga jeupe: kamera yako ni nzima, saa ndiyo mbaya

*Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi Mwanza. Hoteli ndogo ya hapa imeniomba picha 6 za Ziwa Victoria za kutundika ukutani, kila moja upana wa mita 1. Mwenye hoteli alinionyesha picha za fukwe za Ulaya zinazofanana na michoro ya rangi za mafuta: laini, rangi zimetulia, anga na maji vinaingiliana. Anataka za namna hiyo, ila ziwe za kwetu. Nimekwenda Jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini kando ya mji, jioni mara nne. Kila mara anga linatoka jeupe, mawe meusi kama makaa, maji ya kijivu. Kwenye simu ndiyo kabisa, kila kitu kinakuwa kikali. Nilijaribu programu ya kugeuza picha kuwa mchoro, mwenye hoteli akasema inafanana na kalenda. Nina kamera ya mtumba yenye lenzi ya kawaida ya 18–55 mm. Rafiki yangu anasema ninunue lenzi ya zaidi ya milioni 3, au nikapige Zanzibar kwa sababu ziwa halina mvuto wa bahari. Nifanye nini?*

Marahaba. Umeeleza vizuri mpaka naliona hilo jiwe lako. Kama nimekuelewa, unahofia kwamba ama kamera yako ni duni, ama ziwa lenyewe halina picha anayoitaka mwenye hoteli. Nimepiga picha kwenye mwambao huu miaka mingi, kwa hiyo nakwambia bila kusita: milioni 3 ziache zilipo, na Zanzibar nenda siku ukitaka kuogelea. Kinachokuangusha ni saa unayokwenda na upande unaogeukia.

Tuanze na jiwe. Mji umekaa upande wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza. Ukisimama pale ukatazama maji umeelekea magharibi, ng'ambo ni Sengerema. Kwa hiyo kila jioni jua linashukia mbele ya uso wako, nyuma ya jiwe, na upande wa jiwe unaouona wewe ndio ulio kivulini. Jicho halilalamiki, kwa sababu mboni hubana ukitazama anga na hupanuka ukitazama jiwe, kisha ubongo unaviunganisha bila wewe kujua. Kamera haina nafasi hiyo. Inafungua mlango mara moja na kupokea mwanga wote kwa kipimo kimoja. Ikipima kwa ajili ya jiwe, anga linaungua, yaani linatoka jeupe tupu. Ikipima kwa ajili ya anga, jiwe linageuka kaa. Kamera ghali kuliko yako nayo ingehangaika hapo.

Simu inajaribu kukusaidia kwa njia yake. Inapiga fremu kadhaa kwa mpigo, inazichanganya, inainua vivuli, inashusha anga, halafu inanoa kingo za kila kitu. Matokeo yake kila ufa wa jiwe na kila wimbi linapewa uzito sawa. Huo ndio ukali unaousema. Mchoraji hafanyi hivyo. Mchoraji huchagua: mtumbwi ataumalizia mpaka msumari, kilima cha nyuma atakipitishia brashi mara mbili, basi. Ile programu ya kugeuza picha kuwa mchoro inakosea palepale ilipokosea simu, kwa sababu inapaka mipigo ya brashi inayofanana kwenye anga, kwenye jiwe na kwenye uso wa mvuvi. Picha iliyokuwa na mwanga mbaya inabaki na mwanga mbaya, sasa una alama za brashi juu yake. Mwenye hoteli yako ana jicho, msikilize.

Kuna jambo lingine la kuliweka sawa, maana neno "mchoro" kwetu linatuvuta upande fulani. Ukimtajia Mtanzania mchoro, wengi tunaona Tingatinga, ile kazi aliyoianzisha Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968 Dar es Salaam: rangi inayong'aa juu ya ubao, umbo limezungushiwa mstari, hakuna kivuli. Naipenda sana kazi hiyo, lakini unachoombwa kiko upande wa pili kabisa. Unaombwa kingo zinazoyeyuka. Ukiongeza rangi kwenye kompyuta ukidhani unaukaribia mchoro, unaukimbia. Mimi kitu cha kwanza ninachofanya ni kuzishusha rangi, hasa bluu na kijani, mpaka nihisi nimezidisha kidogo, kisha narudi nusu ya njia.

Sasa saa. Tuko kama nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta. Jua la Mwanza huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 kasoro asubuhi, kutegemea mwezi, na huzama kati ya saa 12:40 na saa 1:10 jioni. Huku kwetu jua haliendi mshazari kama Ulaya. Linapanda wima na kushuka wima, nyuzi 15 kwa saa. Ukichukua mwanga laini kuwa ule wa jua likiwa chini ya nyuzi 6, una dakika 24 hivi tu. London muda huohuo unakaribia mara mbili. Ukifuata mafunzo ya wapiga picha wa huko, utafika mapema ukachome kadi yako kwa mwanga mkali, na saa inapofika unahangaika na stendi.

Nenda asubuhi. Saa 11:45 uwe umeshasimamisha kamera. Saa hizo jua liko nyuma yako, bado limejificha nyuma ya vilima vya mji, na anga lote linafanya kazi ya taa moja kubwa isiyo na kivuli. Jiwe na anga vinakaribiana kwa mwangaza, hivyo kamera ile ile iliyokuwa ikishindwa jioni inavibeba vyote viwili. Na maji mara nyingi yametulia. Mchana ardhi hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda, na upepo unavuta kutoka ziwani kuja kujaza nafasi yake. Usiku mambo yanageuka. Alfajiri uko katikati, kabla upepo wa ziwani haujaamka. Mpaka saa 4 utaona uso wa maji umeanza kukunjamana, nawe uwe umeshafunga mkoba.

Nikuonyeshe kwa karibu ninachomaanisha. Juu ya yale mawe wanakaa mnandi, na chini yao kuna michirizi myeupe ya kinyesi. Kwenye mwanga wa saa 3 asubuhi, jua likiwa limeshapanda, michirizi ile ndiyo kitu cheupe kuliko vyote kwenye jiwe, inameta, na jicho la mtazamaji linakwenda hapo na kukwama. Watu hukesha kwenye kompyuta wakiifuta mmojammoja. Asubuhi ile ile saa 12:15, michirizi hiyohiyo inakuwa ya rangi ya maziwa ya jana, inakaa vizuri pembeni ya kijivu chenye uwaridi kidogo cha granaiti, na chini kabisa, pale maji yanapolamba jiwe, kuna ukanda wa giza wenye kijani cha mwani. Rangi tatu, zote za upole. Hapo hujagusa kompyuta bado.

Ukitaka lazima jioni, geuka. Panda kivuko cha Kamanga mchana, vuka upande wa Sengerema, kisha utazame mji ulikotoka. Sasa jua liko mgongoni na linaupiga mji usoni: vilima vya mawe, nyumba zilizobebana mgongoni mwa mawe hayo, mabati yanayoshika dhahabu kwa dakika chache, na ghuba nzima mbele yako. Weka lenzi yako kwenye 55. Hakikisha tu unajua saa za kivuko cha kurudi, na kwenye eneo la kivuko lenyewe omba ruhusa kwa wahusika kabla ya kutoa kamera.

Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni, watu hulalamika kwamba hewa ni chafu, vumbi na moshi wa mashamba. Kwa kazi uliyopewa hiyo ni neema. Chembe zilizo hewani hutawanya mwanga katikati yako na kilima, na kilima kikiwa mbali zaidi, hewa inayokutenganisha nacho ni nyingi zaidi, kwa hiyo kinapauka na kuelekea bluu. Wachoraji walilijua hilo karne nyingi kabla kamera haijabuniwa, na ndivyo walivyoonyesha umbali kwenye kitambaa bapa. Panda sehemu ya juu Capri Point, ule mtaa wa mlimani hapo mjini, asubuhi ya Julai, tazama ghuba na vilima vya mbali, uhesabu: kilima cha kwanza cha kijivu kizito, cha pili chepesi, cha tatu ni kama pumzi. Mvua ikinyesha hewa inaoshwa na mpangilio huo unapungua, lakini unapata mawingu. Ukiwa na muda, gawanya picha zako 6 kwenye misimu miwili. Kama hoteli inazitaka mwezi ujao, piga unachopewa na msimu uliopo.

Kuhusu bahari na ziwa, rafiki yako ana nusu ya ukweli. Ziwa halina kupwa na kujaa kwa maana ya baharini, kwa hiyo hutapata yale mabwawa ya maji na michirizi ya mchanga inayoachwa maji yakitoka. Ufukwe wetu hubadilika polepole, kwa misimu na miaka. Mwaka 2020 maji yalipanda mpaka yakapita kiwango cha 1964, na miti iliyokuwa nchi kavu ikasimama majini. Mawimbi yetu pia ni mafupi na ya karibukaribu. Hayo yote yanabadilisha mahesabu tu, hayakunyimi picha. Na pwani haina vilundo vya granaiti iliyobebana jiwe juu ya jiwe kama vya Luchelele, hapo hapo Mwanza. Mawe haya yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Ukiyapa maji laini chini yake, mchoro umeshajipanga wenyewe.

Jinsi ya kuyapata hayo maji laini: kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, shata, ule mlango wa mwanga, iwe wazi kwa sekunde 4 na kuendelea. Baharini sekunde 1 inatosha kuonyesha nyuzi za povu. Kwetu sekunde 1 inakuacha na maji yaliyochafuka tu, kwa sababu vimawimbi vingi vinapita na hakuna hata kimoja chenye umbo. Sekunde 4 hadi 8 ukungu unaanza. Sekunde 30 ziwa linakuwa kioo cha mvuke. Kabla ya jua kutoka muda huo unapatikana bila kifaa cha ziada. Jua likishatoka utahitaji filta ya ND, kioo cheusi kinachokaa mbele ya lenzi kupunguza mwanga; kila stopu moja hukata mwanga nusu. Ya stopu 6 inapunguza mwanga mara 64, yaani picha iliyotaka 1/60 ya sekunde sasa inataka sekunde 1 hivi. Ya stopu 10 inapunguza kama mara 1,000, na 1/30 inakuwa sekunde 30 na kidogo. Stendi nzito na filta hizo mbili ndivyo vitu ninavyokushauri ununue, na ni sehemu ndogo ya hizo milioni 3. Mtumbwi uliofungwa ukiwemo kwenye fremu, kuwa mwangalifu: unayumba, na kwa sekunde 8 utatoka kama mzuka. Kwa mtumbwi baki kwenye 1/4 ya sekunde, au usubiri maji yalale kabisa.

Njia ya pili ndiyo inayokaribia brashi kuliko zote, nayo ni kuisogeza kamera yenyewe kwa makusudi shata ikiwa wazi. Weka nusu sekunde. Simama miguu ikiwa imeachana, anza kuzungusha kiuno kabla hujabonyeza, bonyeza ukiwa tayari kwenye mwendo, na endelea hata baada ya shata kufunga. Ukianza na kubonyeza kwa pamoja, utaona mshtuko mwanzoni mwa kila mstari. Mwendo wa kulala unafaa maji na upeo wa macho: bluu, fedha, kahawia ya ufukwe, vyote vinavutwa kama rangi mbichi. Mwendo wa kusimama unafaa mafunjo na matete. Mawe makubwa usiyapige hivi. Yanageuka madoa tu, na jiwe la Mwanza lisilo zito si jiwe la Mwanza. Ujiandae pia kutupa nyingi. Mimi nikipiga fremu 60 narudi nyumbani na 2 au 3, na kuna siku narudi mikono mitupu.

Simu yako usiidharau, ila iondolee hiari. Ikiwa ina sehemu ya kupiga kwa faili ghafi, itumie, ili upate picha kabla haijanolewa. Zima HDR, ule uchanganyaji wa fremu niliousema. Gusa skrini sehemu ya anga kisha ushushe mwanga kidogo. Kwa picha za vilima vyenye hewa katikati, simu nzuri inatosha kabisa.

Kuna swali hukuliuliza ila najua litakujia: je, kuunganisha fremu mbili ni udanganyifu? Mfaransa Gustave Le Gray alipiga bahari mwaka 1856 na 1857, enzi picha zilipopigwa kwenye vioo vilivyosikia zaidi mwanga wa bluu, na anga lake lilikuwa likiungua sawasawa na lako. Katika baadhi ya picha zake alipiga anga kwenye kioo kimoja na bahari kwenye kingine, akaviunganisha kwenye upeo wakati wa kuchapa. Mimi nakubali fremu mbili zilizopigwa mahali pamoja, dakika ileile, moja kwa ajili ya anga na nyingine kwa ajili ya jiwe. Anga la Bukoba juu ya maji ya Mwanza silikubali, na mwenye hoteli akiuliza mwambie ukweli ulivyofanya.

Katika zile 6, ningependa moja iwe ya usiku. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, maana mbalamwezi ikiwa kali taa zao hazivuti samaki. Siku za mwezi mwandamo simama kwenye mwinuko, shata sekunde 20, nawe utapata mstari wa taa unaoyumba polepole kwenye weusi, kila taa na mkia wake ndani ya maji. Usiende peke yako. Kwenye mwalo, mchana au usiku, salimia kwanza. "Mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, inafungua milango ambayo kamera haifungui. Ukitaka uso wa mama anayegeuza dagaa, muombe, mweleze kwamba picha ni ya kuuzwa, na mkubaliane atapata nini.

Sasa mambo ambayo siwezi kukusaidia kwa maandishi. La kwanza ni afya yako. Mpiga picha wa ufukweni huingia majini bila kufikiri, akitafuta pembe ya chini. Mwambao wetu una kichocho. Viluwiluwi vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi bila maumivu. Simama juu ya jiwe, au vaa buti za mpira ndefu. Kama umekuwa ukizama magotini mara kwa mara, nenda kituo cha afya ukapime hata kama hujisikii vibaya. Ipo dawa, na inafanya kazi. Mamba na kiboko waulize wavuvi wa mahali hapo, wao wanajua wiki hii wako wapi. Radi ikianza kuunguruma upande wa ziwa, kunja stendi uondoke kwenye mawe ya wazi.

La pili ni uchapaji, na hapa tafuta fundi wa kukaa naye uso kwa uso. Usiogope mita 1. Picha ya simu yenye nukta 4,000 kwa upana inakupa kama nukta 100 kwa kila inchi, na mtu aliyesimama mita 2 kutoka ukutani hawezi kuzitenganisha. Picha laini inavumilia zaidi. Kinachoua picha za namna hii ni karatasi inayong'aa na kioo juu yake, maana mgeni ataona dirisha na uso wake mwenyewe. Omba karatasi isiyong'aa au kitambaa cha kanvasi. Karatasi ya pamba inatunza vizuri zaidi vivuli vyepesi vya anga. Kanvasi haihitaji kioo na inavumilia mikono ya watu, nami kwa korido ya hoteli ningechagua kanvasi. Skrini ya simu inang'aa kuliko kanvasi yoyote, kwa hiyo picha ikichapwa itatoka nzito kuliko ulivyoizoea. Chapa kwanza moja, ndogo, upana wa sentimita 30. Ipeleke hotelini, iegemeze kwenye ukuta uleule itakapokaa, itazame saa 4 asubuhi, halafu urudi usiku taa zikiwa zimewashwa. Ikiwa jiwe limezama gizani usiku, rudi kwa fundi uiinue kidogo kabla hujalipia zile kubwa.